Gelindo na Sindano ya Mfupa

Usiku ule nilikaa jikoni kwa shemeji yangu Gelindo, madirisha yote wazi, baridi ya Oktoba ikiingia pamoja na ukungu. Kila baada ya muda nilikwenda kuinama karibu na jiko na kunusa tena, ingawa mtungi wa gesi nilikwisha kuufunga na kuuburuta hadi uani. Gelindo alikuwa amepelekwa hospitali. Binti yangu Wanda alipanda naye gari la wagonjwa, na kabla halijaondoka aliniambia nisiende popote, habari ataleta mwenyewe.

Mimi ndiye niliyemkuta. Nakaa chini yake, katika nyumba zile zilizoegemea ukuta wa mji karibu na lango la Padova. Nilikuwa natoka kuanua nguo nikasikia harufu ngazini. Nikapanda mbio. Maziwa yalikuwa yamefurika sufuria yakazima moto, gesi inavuma, na Gelindo amelaza kichwa juu ya gazeti mezani kama mtu anayesinzia baada ya chakula. Nilimburuta kwa makwapa hadi ngazini. Ni mtu mwembamba, lakini siku ile alikuwa mzito kama gunia la chumvi.

Ines, fundi cherehani wa ng'ambo ya ua, alikuja kukaa nami usiku huo. Kusema kweli alikuja kuona.

"Elide," akasema, akijivuta shali shingoni, "wewe uliisikia harufu ukiwa ngazini?"

"Niliisikia."

"Na yeye, hatua tatu kutoka jikoni, hakuisikia? Gelindo? Yule anayejua nitakaanga nini kabla sijatia mafuta?"

"Labda alilala."

"Labda." Akachungulia jiko. "Au labda aliisikia vizuri tu, akakaa."

"Ines, funga mdomo."

"Nimefunga. Nauliza tu."

Alfajiri nilisikia viatu vya Wanda kwenye mawe ya uani. Nikaenda kufungua mlango. Aliingia nywele zimelowa ukungu.

"Yuko hai, mama. Anawatukana wauguzi."

"Anawatukana nini?"

"Anasema supu yao haina chumvi."

Nililia, na Ines akalia pia, maana si mtu mbaya. Lakini nilipokuwa naosha uso jambo moja lilinijia. Chumvi ni habari ya ulimi. Gelindo ninayemjua, kwanza angelalamika kuhusu harufu ya hospitali.

Mjini kwetu Montagnana kila mtu anajua Gelindo ni nani, lakini nikianza kueleza naona mimi mwenyewe sijui mengi. Alizaliwa katika chumba kilekile anachokaa. Mama mkwe wangu alikuwa akichana katani ndani ya minara ya ukuta, na alifariki akikohoa vumbi lake. Akiwa na miaka tisa Gelindo aliingia ghala la kukausha mapaja ya nguruwe, kubeba chumvi. Wakati huo mwenye sindano, yaani anayenusa mapaja kujua yapi mazima, alikuwa mzee mmoja, Baldo, ambaye kwa mzaha aliwapa watoto wa chumvi kofia yake wainuse na kumwambia ametoka wapi. Wengine walisema kanisani, wengine baani. Gelindo akasema, "Kwa mjane wa mwokaji mikate." Ghala zima lilicheka, Baldo akamzaba kofi, na kesho yake akamwita akae karibu naye.

Sindano yenyewe ni ya mfupa wa muundi wa farasi, nyembamba, rangi ya meno ya mzee. Chuma hakifai. Mfupa unainywa harufu upesi na kuiachia upesi. Paja likishakaa na chumvi, likaoshwa, likapakwa shahamu, likaning'inia zaidi ya mwaka, ndipo mwenye sindano hulidunga mahali patano karibu na mfupa na mshipa, na kila akidunga anapitisha sindano chini ya pua. Mara tano, na wewe hujamaliza kupiga chafya. Akisema zima, linapigwa chapa ya moto. Akisema bovu, linatolewa. Msaidizi huziba matundu kwa shahamu, kwa kidole gumba. Nimefanya kazi ya kuosha mapaja pale kwa miaka kumi na tisa na sijawahi kuchoka kuangalia.

Alikwenda vitani Albania akarudi bila vidole viwili vya mguu. Alimchumbia msichana wa Este. Siku ya kwenda kula kwao aliingia sebuleni, akasimama, akasema ukuta wa nyuma ya kitanda cha baba mwenye nyumba unanuka ugonjwa. Mama wa msichana akamtoa nje na kofia yake. Miezi miwili baadaye yule baba akafa kwa mapafu, na wakasema Gelindo ndiye aliyewaletea mkosi. Hakuchumbia tena. Siku niliyoolewa na mdogo wake, Tullio, Gelindo aliniinamia shavuni akanong'ona, "Karibu, shemeji. Usiogope, kitunguu ulichokata asubuhi hakisikiki kwa mwingine." Tullio sasa yuko Uswisi anajenga mabwawa, anarudi Krismasi, kwa hiyo Gelindo ndiye mwanamume wa nyumba zote mbili.

Alirudi kutoka hospitali siku ya tano. Mji ulikuwa umeshagawanyika. Wengine walisema alitaka kufa, na wakinitazama kanisani walitikisa kichwa kwa huruma ile ninayoichukia. Wengine walisema pua imekufa. Nilikesha nikilipima jambo hilo. Likiwa la kwanza, ni aibu na dhambi. Likiwa la pili, sindano itapewa mtu mwingine, na Gelindo, akiwa na miaka hamsini na minane, atarudi kufagia chumvi aliyoanza nayo akiwa mtoto.

Bwana Attilio, mwenye ghala, alikuja mbele yetu sote tunaoosha.

"Gelindo, ulitaka nini na ile gesi siulizi. Hilo ni lako na padri. Mimi nauliza pua."

"Pua ipo usoni. Huioni?"

Tukacheka. Bwana Attilio hakucheka.

"Siku mbili baada ya sikukuu ya Mtakatifu Martino wanakuja wanunuzi wa Verona. Utadunga mbele yao. Wewe peke yako, mlango umefungwa. Msaidizi abaki nje."

"Na matundu ataziba nani?"

"Nitaziba mimi."

Msaidizi ni Wanda wangu, mwaka wa pili sasa. Nilimtupia jicho. Alikuwa ameshika bakuli la shahamu, na uso wake ulikuwa mweupe kuliko shahamu yenyewe.

Tangu hapo sikuweza kutulia. Nilitaka kujua. Nilichukua kipande cha samaki mkavu kilichokuwa kimelowekwa kikasahauliwa, kibaya hata paka alikikimbia, nikakiweka kwenye kikopo chini ya kiti cha Gelindo, kisha nikampelekea ugali wa mahindi na maharage. Alikula kwa raha. Alifuta sahani kwa mkate.

"Shemeji, mbona unakunja uso?"

"Jino."

"Pole. Tafuna karafuu." Akajimiminia divai, akainusa kwa madoido kama kawaida yake, akafumba macho. "Ya mwaka huu bado changa," akasema.

Nilikuwa nimemtilia siki.

Nilishuka ngazi na kikopo changu nikakaa kwenye ngazi ya mwisho. Basi alikuwa ameivuta gesi ile bila kuisikia. Ilikuwa ni maziwa tu, maziwa na gazeti. Nikamshukuru Mungu kwa hilo, na palepale swali jingine likanishika. Kama pua imekufa, imekufa lini? Na nani ameyatenga mapaja mabovu mwaka huu wote? Maana hakuna hata moja lililorudishwa na mnunuzi. Najua, mimi ndiye ninayeosha yanayorudi.

Sasa nieleze kosa langu. Kwa miezi kadhaa nilikuwa na hofu nyingine, ya Wanda, ambayo sikumwambia mtu. Alikuwa ameacha kahawa. Sabuni ya maua aliyoletewa na baba yake alimpa Ines. Nikikaanga kitunguu saumu anakwenda dirishani. Asubuhi anatafuna mkate mkavu na maji. Na kuna kijana, Severino, dereva wa lori la viazi-sukari, aliyekuwa akimrudisha nyumbani kwa pikipiki tangu Pasaka. Nilikuwa nikihesabu miezi kwa vidole chini ya meza na kumtazama kiuno. Kiuno hakikuongezeka, lakini mimi mwenyewe nilipomzaa yeye sikuonekana hadi mwezi wa sita.

Jioni ile alipoingia na kuusogeza mbali mdumu wa kahawa, nilishindwa.

"Ni ya Severino?"

"Nini?"

"Usinifanye mjinga. Mimba."

Alisimama mdomo wazi.

"Kahawa hunywi," nikasema, "saumu inakufukuza, asubuhi unatafuna mkate kama sungura. Nimezaa mara mbili, Wanda, usinifundishe."

Alicheka hadi akakaa sakafuni. Alicheka akashika mguu wa meza. Kisha nikaona hacheki tena.

"Mama," akasema, "angalia vizuri. Nani mwingine unayemjua hali saumu, hanywi kahawa, hapaki sabuni ya maua?"

Nikamtazama yeye, kisha nikatazama dari, ambako tulisikia Gelindo akiburuta kiti.

"Tangu lini?"

"Tangu ile homa ya Februari. Homa ilipoondoka iliondoka na pua yake. Aliniambia siku ya tatu, ghalani, analia. Sikuwahi kumwona analia."

"Mnafanyaje?"

"Anadunga, anapitisha sindano puani mwake ili waone, kisha anaishusha pale ninapoinama kuziba tundu. Nanusa. Likiwa zima naziba kwa kidole gumba cha kulia. Likiwa bovu, cha kushoto. Yeye anasema."

"Na umekosea mara ngapi?"

"Mara moja. Mwezi wa Mei. Tuligundua kabla halijauzwa, tukalizika handakini nje ya ukuta, usiku."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungelala?"

"Nisingelala."

"Basi."

Nilipaswa kumgombeza. Lakini nilivuta kiti nikauliza kile ambacho nimetaka kukiuliza kwa miaka kumi na tisa, na ambacho Gelindo daima alinijibu kwa mzaha.

"Bovu linanukaje?"

Akafikiri. "Si kama unavyodhani. Halinuki sana. Kama maji ya maua yaliyosahauliwa kaburini. Na zima... ukivunja lozi mbichi. Halafu kwa mbali sana kuna jasho la farasi, lakini hilo ni la sindano, unajifunza kulitoa."

"Na huwa unalijua mara moja?"

"Kabla sijajua kwamba najua. Nikianza kufikiri napotea." Akanyoosha mkono. "Nipe kiganja chako." Alikinusa. "Umeshika samaki mbovu. Halafu siki. Mama! Ulikuwa unamjaribu?"

Niliona haya. Yeye akacheka tena, safari hii vizuri.

Kesho yake nilipanda kwa Gelindo. Alikuwa anaisugua sindano kwa kitambaa cha sufu, mguu wenye vidole vitatu umelala juu ya kigoda.

"Wanda amenieleza," nikasema.

Hakuinua macho. "Ana mdomo kama wa mama yake."

"Utafanya nini siku hiyo?"

"Nitakisia. Miaka thelathini na sita, Elide. Mkono unajua. Bovu huwa laini kidogo penye mfupa."

"Kila mara?"

"Mara nyingine."

"Na ukikosea mbele ya watu wa Verona?"

"Nitakosea sindano ikiwa mkononi mwangu."

"Mwambie Attilio ni Wanda."

Hapo alinitazama. "Mwanamke? Watamcheka hadi lango la Legnago. Watasema pua ya mwanamke inageuka kila mwezi kama mwezi wenyewe, haiaminiki."

"Nani kasema hivyo?"

Akaendelea kusugua. "Mimi," akasema mwishowe. "Baani. Kila mwaka. Baldo alisema, nami nikasema."

"Na sasa unasemaje?"

"Sasa amekosea moja katika elfu mbili. Mimi katika ujana wangu nilikosea zaidi, na Baldo akanifichia." Akaiweka sindano katika kibweta chake cha tete. "Lakini nikimpa, nabaki nani? Mzee anayekaa baani akiulizwa supu ina chumvi? Niachie kitu changu, shemeji."

"Nilikuburuta ngazini wiki mbili zilizopita. Ningeweza kuchelewa kwa nguo tano tu kwenye kamba."

"Nilikuwa nasoma gazeti. Maziwa yalifurika. Hukuniamini?"

"Nimekuamini tangu jana," nikasema. "Ndiyo maana naogopa."

Akafunga kibweta. Nami sikwenda kwa Attilio, ingawa nililala kila usiku nikiwa nimeshavaa soksi, tayari kwenda. Nilijiambia: akikisia akapatia, atakisia tena mwaka kesho, na siku moja paja bovu litafika meza ya mtu, na Wanda naye atatajwa. Akikosea, atatupwa, na Wanda atatupwa naye, msaidizi wa mdanganyifu. Nani angemwajiri tena katika mji ambao kila mtu anajua mwenzake amekula nini?

Siku ya Mtakatifu Martino wakulima waliomaliza mikataba yao walipita langoni na matoroli yao wakihamia mashamba mengine, vitanda vimepinduliwa miguu juu. Uwanjani walikuwa wanachoma njugu za chestinati na kufungua divai mpya. Gelindo alisimama katikati ya moshi ule ameshika pakiti ya karatasi, pua juu, kama mtu aliyesimama mbele ya duka lililofungwa akisubiri. Ines akanigusa kiwiko.

"Unaona? Ananusa. Pua ipo. Basi ni kweli alitaka kufa."

"Ines," nikasema, "yalikuwa maziwa."

"Maziwa?"

"Maziwa."

Alionekana kama nimemnyang'anya kitu.

Siku mbili baadaye ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba minara ya ukuta haikuonekana, ila sehemu za chini tu. Wanda hakuitwa, lakini asubuhi nilimwona akinawa kwa maji matupu na kula mkate wake mkavu. Nami sikupika kahawa.

Ghalani tulisimama sita, wanawake wa kuosha, mikono ndani ya maji ya vuguvugu, tukijifanya tunafanya kazi. Wanunuzi wawili wa Verona walipita na makoti yao marefu. Gelindo akapita nyuma yao, amenyolewa, shati jeupe. Aliponifikia hakunitazama. Wanda alisimama karibu na nguzo na bakuli lake tupu, amevaa aproni ya kuoshea kama sisi, maana siku hiyo ndiyo kazi aliyopewa. Bwana Attilio akafunga mlango wa chumba cha kudunga, mlango wa mbao nene wenye komeo la ndani. Mwenzetu mmoja akanong'ona kwamba kati ya mapaja sita yaliyotundikwa humo lipo moja ambalo Attilio amelijua bovu tangu Septemba na kuliweka kusudi.

Tulisikia kulabu ikilia. Kisha kimya.

"Zima," sauti ya Gelindo.

Kulabu tena. Kimya kirefu kidogo.

"Zima."

Nilikuwa nimeshika paja moja majini na sikumbuki kulisugua. Wanda alikuwa amefumba macho. Midomo yake ilikuwa ikienda, sijui anasali au anahesabu madungo. Kulabu ya tatu. Tulingoja. Maji yakaanza kupoa mikononi.

"Gelindo?" sauti ya Bwana Attilio.

Kulabu ikalia tena kidogo.

"Mzee ana nini?" akauliza mmoja wa Verona.

"Sijui," akasema Gelindo.

"Hujui una nini?"

"Sijui hili paja. Na yale mawili sijui pia. Nimekisia."

Mwanamke aliye karibu nami alijisalabisha kwa mkono uliolowa.

"Tangu lini?" Sauti ya Attilio ilikuwa ya chini sana, ikabidi tuinamie mlango.

"Februari."

"Februari! Unaniambia mapaja yote yaliyotoka hapa na chapa yangu..."

"Limerudi hata moja?"

Tukasogea karibu zaidi na mlango.

"Nauliza, Attilio. Limerudi?"

"Halijarudi."

"Basi kuna mtu aliyeyanusa."

"Nani?"

Tulisikia hatua, ile hatua yake ya mguu mbovu, nzito, nyepesi, nzito, nyepesi, zikija upande wetu. Wanda alifumbua macho. Nilitaka kumshika mkono lakini mikono yangu ilikuwa na mafuta. Komeo likavutwa, likakwama, likavutwa tena.

Mlango ukafunguka. Gelindo alisimama kizingitini, sindano imelala juu ya kiganja kilicho wazi, na nyuma yake nyuso tatu za wanaume zikinyoosha shingo kuona anayemtafuta.

"Wanda," akasema, "njoo. Vua kwanza hiyo aproni, nadhani inanuka sabuni."